Mashine Kuukuu za Kujazia Risasi na Mafundi Wazifufuazo



Historia tuliyofundishwa ilikuwa ya watu na tarehe. Tulikariri miaka ya mikataba na majina ya magavana, na aliyeyataja yote bila kukosa alipata alama zake. Vyombo vya kazi tuliwaachia wenzetu wa mkondo wa ufundi, kana kwamba jembe, cherehani na jiliwa havina historia. Chuo kikuu nilikuta mambo yaleyale, ila kwa vitabu vinene zaidi. Ndiyo maana Mhariri aliponitaka niandike makala ya historia kwa ajili ya toleo hili la mkutano, niliona nisirudie yale ambayo kila mmoja wetu anaweza kuyafungua kitabuni. Nitaeleza habari za mashine ya mkono iliyokulia Marekani, mashine ya kujazia risasi, na jinsi watu wa huko wanavyozitunza na kuzifufua zile kuukuu. Najua wapo watakaouliza, ya nini haya kwetu? Nawaomba subira kidogo.

Hapana budi kuanza na lugha, maana neno letu “risasi” lina kazi tatu. Ni jina la madini yale laini na mazito ya rangi ya kijivu. Ni jina la kile kichwa kirukacho kutoka mdomo wa bunduki. Tena ni jina la kitu kizima unachokitia ndani ya bunduki. Katika makala haya nitasema risasi nzima nikimaanisha hicho cha mwisho. Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba ya manjano, fataki iliyopachikwa kitakoni mwa ganda, baruti iliyomo ndani, na kichwa kilichobanwa mdomoni. Bunduki ikilia, fataki huwa imekufa, baruti imeungua na kichwa kimekwenda zake. Kilichobaki ni ganda, nalo ndilo sehemu ya ghali kuliko zote, kwa kuwa ndilo lenye kazi kubwa kiwandani. Ganda hilo likitunzwa laweza kutumika mara kadhaa. Lakini moto wa baruti hulitanua likajaa chumba cha bunduki, hivyo kabla ya kulijaza tena sharti likamuliwe ndani ya kalibu ya chuma kigumu hata lirudi kipimo chake. Kulikamua kwahitaji nguvu nyingi, kuliko nguvu ya mkono mtupu. Hapo ndipo mashine ilipopata kazi.

Niseme mapema, ili nisije nikaitwa kituoni, kwamba sifundishi hapa namna ya kutengeneza risasi. Nchini kwetu mambo hayo yako chini ya sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, na mtu hajitengenezei tu nyumbani kama maandazi. Nasema habari za chuma.

Sasa nirudi kwa yule aliyeuliza ya nini haya kwetu. Wote tunajua habari za Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, jinsi watu wa Mkwawa walivyolivamia jeshi la Zelewski na kuteka bunduki nyingi. Mwalimu alitueleza ushujaa, nasi tukashangilia. Jambo ambalo sikumbuki kuulizwa katika mtihani wowote ni hili: bunduki zile za kisasa zilikula nini baada ya risasi zilizotekwa pamoja nazo kwisha? Gobole la kushindilia kwa mdomo lilikuwa na uhuru wake. Mwenye gobole alihitaji baruti, naye mhunzi wa kijijini aliweza kumfulia vipande vya chuma badala ya risasi, na kulitengeneza likiharibika. Bunduki ya kisasa ya ganda la shaba haikukubali hayo. Ilidai ganda lake lenye kipimo chake na fataki yake, vyote kutoka kiwandani Ulaya. Mataifa yaliyotia sahihi Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 yalilijua hilo vizuri. Yalizuia bunduki za kisasa na risasi zake zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, yakalegeza kamba kidogo kwa magobole. Kwa maoni yangu, mkataba ule ulipigana vita vingi kwa kalamu kabla ya askari kufika.

Wawindaji na walowezi wa magharibi ya Marekani walikuwa na shida inayofanana na hiyo, ingawa wao hawakuzuiwa na mkataba. Katika miaka ya 1870 mwindaji wa nyati wa nyika zile alikuwa mbali na reli na mbali na duka. Risasi nzima za kiwandani zilikuwa ghali na nzito kuzibeba. Kwa hiyo aliokota maganda yake, akasubu vichwa vya risasi kwa moto wa kambi, akajaza mwenyewe usiku. Viwanda vya bunduki, Winchester kikiwa kimojawapo, viliona ni bora vimuuzie chombo cha kazi hiyo kuliko kumpoteza mteja. Mwaka 1884 John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal mjini New Haven, Connecticut, na chombo chake kikaenea sana. Usifikirie mashine kubwa. Ni koleo tu, la kushikwa mkononi, ambalo huku linasubu kichwa na huku linapachika fataki na kubana mdomo wa ganda. Kampuni hiyo ilinunuliwa na Marlin mwaka 1910, kisha na Lyman mwaka 1925. Koleo la aina hiyo liliendelea kuuzwa kwa miongo mingi chini ya jina la Lyman, likifahamika kwa namba yake 310.

Koleo lilikuwa na kasoro moja. Nguvu yake ni ya kiganja, na kiganja hakitoshi kulikamua ganda refu la bunduki ya kivita lote kwa mara moja. Kwa sababu hiyo ikaja mashine ya kufungwa mezani kwa boliti: fremu ya chuma cha kusubu, pistoni inayopanda na kushuka katikati, na mkono mrefu wa kuvuta. Siri yake imo katika viungo vilivyopo kati ya mkono na pistoni. Vinafanya kazi kama goti la mchukuzi anayeinuka na gunia. Goti likiwa limekunjika sana mtu hana nguvu, bali kadiri linavyonyooka ndivyo mzigo unavyokuwa mwepesi. Pistoni inapokaribia juu, pale hasa ganda linapobana ndani ya kalibu, viungo vinakaribia kunyooka, na nguvu ya mkono mmoja inazidishwa mara nyingi. Mzee wa miaka themanini anaweza kukamua ganda bila kutoka jasho.

Fremu za mwanzo zilikuwa na umbo la herufi C, wazi upande mmoja, ili mkono wa mtu uingie kwa urahisi. Kampuni ya Pacific ya San Francisco iliuza sana mashine za namna hiyo katika miaka ya 1930. Ubaya wa C ni kwamba ikivutwa kwa nguvu inafunguka kidogo, kiasi ambacho jicho halioni lakini kipimo kinaona. Baadaye ikaja fremu ya herufi O, iliyofungwa pande zote. Wakati huohuo wa miaka ya 1930 Star Machine Works ya San Diego walikuwa na mashine ya namna nyingine kabisa, ambayo kila mvuto mmoja wa mkono ulishughulikia maganda kadhaa kwa pamoja, kila moja katika hatua yake. Hiyo ni hadithi ndefu nami naiacha.

Jambo nitakalo kulikazia ni dogo mno, nalo ni tundu la juu ya fremu, mahali kalibu inapofungwa kwa hesi, yaani meno ya skrubu. Kila kampuni ilikuwa na tamaa ya kuweka meno yake yenyewe, ili aliyenunua mashine yake alazimike kununua na kalibu zake maisha yake yote. Koleo la Ideal lilikuwa na meno yake. Mashine nyingine ndogo za Lyman zilikuwa na yake. Mashine kubwa za Hollywood zilikuwa na tundu pana ajabu. Lakini mashine za Pacific na nyingi zilizofuata zilitumia kipimo cha inchi 7/8 chenye meno 14 kwa kila inchi moja. Kipimo hicho hakikuwa siri ya mtu. Kilikuwa kimo katika orodha ya kawaida ya mainjinia wa Marekani, na fundi yeyote mwenye karakana aliweza kununua kifaa cha kukatia meno hayo dukani. Kampuni moja ikafuata nyingine, hata kikawa ndicho kipimo cha wote.

Tazameni matokeo yake. Jina la Pacific lilimezwa na kampuni ya Hornady mwaka 1971. Mwenye mashine ya Pacific ya miaka ya 1930, akiitunza, leo hii anaweza kununua kalibu mpya kabisa iliyotengenezwa na kampuni nyingine, akaifunga juu ya mashine yake ikakaa barabara. Mwenye mashine yenye meno ya peke yake, hata kama chuma chake ni kizuri maradufu, hutafuta kalibu kuukuu kama atafutaye stempu za posta, na akikosa mashine inakuwa pambo. Mimi mtumishi wa serikali nimeona ofisini vifaa vingi vya msaada vikifa kwa ugonjwa huohuo, kimoja kwa kukosa nati, kingine kwa kukosa mshipi ambao hauuzwi popote ila kwa aliyekitengeneza. Walioandika maombi ya vifaa hivyo walitazama bei na ukubwa wa injini. Hesi hawakuiuliza.

Vita Kuu ya Pili nayo ilikuwa na mchango wake. Viwanda vya Marekani vilipogeuzwa kuwa vya jeshi, mwindaji wa kawaida alikosa vichwa vya risasi vya kununua. Mwaka 1943, mjini Oroville, California, Fred Huntington alianza kutengeneza kalibu za kugeuza maganda yaliyokwisha kutumika ya bunduki ndogo za .22 yawe magamba ya nje ya vichwa vipya. Alianzia katika chumba cha nyuma cha dobi ya baba yake. Vichwa hivyo vilikuwa vya kuwindia mnyama mdogo wa majabalini anayefanana kiasi na pimbi wetu, aitwaye kwao “rock chuck”, na herufi RCBS za kampuni yake zilitokana na jina la kalibu hizo. Baada ya vita aliingia katika mashine zenyewe, za rangi ya kijani, na hata leo rangi hiyo inatambulika mezani kwa mbali.

Hayo yote nisingeyajua kama serikali isingenipeleka masomoni kwa mwaka mmoja katika jimbo la Connecticut, ambako viwanda vingi vya bunduki nilivyovitaja vilikuwa. Mwenye nyumba niliyopanga alikuwa fundi mchongaji vyuma aliyestaafu, mjane, mtu wa maneno machache. Jioni za baridi alikuwa chini ya nyumba akifufua mashine kuukuu za watu. Nilianza kushuka kwa ajili ya joto la jiko lake. Baadaye nilishuka kwa ajili ya kazi.

Kazi ya kwanza, alinifundisha, si kusafisha, ni kutazama. Mashine ilipoletwa hakuigusa kwa tupa wala msasa hata aipige picha, aandike jina na namba zilizosubiwa kwenye fremu, na kujua nini ni cha asili na nini kimeongezwa na wamiliki wa baadaye. Mwenye haraka ya kung'arisha hufuta barua kabla ya kuisoma. Pistoni iliyolika upande mmoja tu inaonyesha kwamba mwenye mashine alivuta mkono kwa kuuegemea. Kipini kilichochongwa kwa mti wa kienyeji kinaonyesha mtu aliyekuwa mbali na duka. Mimi niliyefundishwa kusoma nyaraka nilikuta hapo nyaraka ambazo sikujua kuzisoma.

Pili ni usalama. Vumbi jeusi linalojaa miguuni mwa mashine hizo ni mabaki ya fataki zilizokufa, nalo lina madini ya risasi ndani yake, ambayo ni sumu. Halipulizwi kwa mdomo wala kusuguliwa kavu. Mzee alilifuta kwa kitambaa kilicholowana, akavaa glavu, na hakuna kikombe cha chai kilichoruhusiwa mezani mpaka mikono ioshwe kwa sabuni. Vumbi hilo pia ndilo adui mkubwa wa mashine, kwa kuwa ni kali kama mchanga. Likishikamana na grisi nyingi linakuwa msasa unaoitafuna pistoni kila inapopanda. Kwa hiyo pistoni hupakwa mafuta mepesi, kidogo, na kufutwa mara kwa mara. Wengi wetu huamini kwamba mashine ikijazwa grisi ndiyo imetunzwa.

Tatu ni kutu. Kiungo kilichogandana hakipigwi nyundo. Chuma cha kusubu hakipindi, hupasuka. Hutiwa mafuta ya kupenya na kuachwa siku mbili tatu, kisha hupashwa moto taratibu, kisha mafuta tena. Fremu yenye kutu nyingi aliifanyia jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa Kemia atalitambua. Aliitumbukiza katika ndoo ya plastiki yenye maji na magadi ya kufulia, akaiunganisha na upande hasi wa chaja ya betri ya gari, na upande chanya akaufunga kwenye vipande vya chuma cha kawaida. Umeme ukipita, kutu inalegea bila chuma kizima kuliwa. Kazi hiyo hufanyika nje penye hewa, maana hutoa haidrojeni, na hewa hiyo huwaka. Chuma kisichoshika kutu, kile cha masufuria, hakitumiwi upande chanya, kwani huacha sumu ya kromiamu ndani ya maji. Springi na vyuma vilivyokaushwa vikawa vigumu sana haviwekwi humo, kwa sababu haidrojeni huvipenya na kuvifanya viwe rahisi kuvunjika.

Mashine moja sitaisahau. Ilikuwa Pacific ya umbo la C, iliyopakwa rangi nyekundu inayong'aa. Kijana mmoja aliinunua mnadani, naye alikuja kutaka kunyooshewa kiungo tu, jioni ile ile aanze kazi. Mzee aliitazama ile rangi akanuna. Akaifuta rangi ya mgongoni kwa dawa, akapaka mafuta ya taa, akayafuta hata pakauka, kisha akapaka unga wa chaki nyeupe, chaki hii ya ubaoni. Tukakaa kimya. Baada ya dakika chache mstari mwembamba wa unyevu ukajichora wenyewe juu ya chaki, kuanzia pembe ya ndani ya ile C kuelekea nje. Mafuta ya taa yaliyojificha ndani ya ufa yalikuwa yanarudi nje. Mtu fulani aliujua ufa ule, akauziba, akaupaka rangi na kuuza.

Kijana alitaka uungwe. Mzee alimweleza kwamba chuma cha kusubu kina kaboni nyingi. Kikiungwa kwa waya wa kawaida wa welding hupata ukanda mgumu kama kioo kando ya kiungo, na hupasuka hapo. Yawezekana kukiunga kwa waya wa nikeli au kwa shaba, kikipashwa moto kwanza na kupozwa polepole mno. Lakini ufa ulikuwa pale pale mvuto wote wa mashine unapokutana, na mtu atavuta mkono akiwa ameinamisha uso wake juu yake. Alikataa. Kijana alikasirika, maana alikuwa ametoa pesa zake, na alitaja jina la fundi mwingine ambaye angekubali. Mzee akamwambia yeye atainunua kwa bei ileile aliyotoa. Nilidhani anatania, kwa sababu hakuwa mtu wa kuchezea pesa. Alimhesabia noti moja moja, akaitundika ile mashine ukutani, ufa wake ukiwa umezungushiwa chaki, na hakuipaka rangi tena.

Juu ya rangi tuliwahi kubishana. Mimi niliona mashine iliyopakwa upya inapendeza na inamvutia kijana aipende kazi. Yeye alisema rangi ya asili, hata iwe imebanduka nusu, ni bora kuliko mpya, na kama ni lazima kupaka basi iwe ileile ya kiwanda na ya mwaka ule, wala isifunike jina. Lyman ya rangi ya chungwa si ya zama sawa na Lyman nyeusi. Hata sasa nadhani alizidisha kidogo, ila tangu siku ya ule ufa sinunui tena kitu cha mtumba kilichopakwa rangi mpya kabla ya kukikwangua mahali.

Nimesikia kwamba vyuma vya karakana ya zamani ya shule yetu huenda vikauzwa kwa kilo, na wanunuzi wa vyuma chakavu hawachelewi. Nilipopita mara ya mwisho niliona majiliwa manne yaliyogandana, mashine moja ya kutobolea ya mkono, na sanduku la kalibu za kukatia hesi ambalo sijalifungua. Majina ya watengenezaji bado yanasomeka chini ya kutu. Nimemwomba Mkuu wa Shule asubiri hadi siku za mkutano, naye amekubali. Nitakuja na chaja ya betri, magadi, ndoo na mafuta ya taa. Chaki naamini ipo. Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wanaotaka kusaidia waje na daftari kwanza, maana tutaanza kwa kuandika kila jina, kila namba na kila kipimo cha hesi kabla ya mtu yeyote kushika brashi ya waya. Wenzangu wa mkondo wa ufundi, ambao enzi zile tuliwacheka kwa mikono yao ya grisi, naomba mje mapema. Bila ninyi nitaharibu kitu.